Maji ya Wageni wa Mpira

Nikiwaambia wajukuu zangu kwamba nilikuwa mwalimu zamani za Wajerumani, hudhani kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya ubao. Nilisimama, lakini si sana. Kazi yangu hasa ilikuwa kwenda vijijini kuomba watoto. Shule yetu ilikuwa ndogo, ya miti na udongo, juu ya uwanda wa Makonde, mwendo wa asubuhi moja kutoka Newala, na shule isiyo na watoto haina haja ya mwalimu. Mkubwa wangu, shemasi mzee aliyenibatiza na kunifundisha kusoma, alikuwa na magoti mabovu. Kwa hiyo maneno yalikuwa yake na miguu ilikuwa yangu. Yeye alinipa la kusema, mimi nikaenda kulisema.

La kusema lilikuwa jema. Nilieleza habari za Mungu, nikaeleza faida ya kusoma, kisha nikagusia habari ya akida, mtumishi wa Wajerumani, kwamba alipopita kukamata wapagazi hakuwagusa watoto wa shule. Wazee walinisikiliza kwa adabu, wakanipa ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, na tulipokwisha kula mmoja wao aliuliza, na swali lilikuwa lilelile kila kijiji:

"Na ninyi, mwalimu, mumo katika mzunguko?"

Hatukuwamo. Nilipojibu hivyo, wazee waliangalia ming'oko, nami niliangalia ming'oko, na mazungumzo yakahamia kwenye mihogo.

Mzunguko ulikuwa mapatano ya shule za misheni za bondeni, upande wa Masasi na vijiji vyake. Kila mwaka baada ya mavuno, shule hizo zilitembeleana kucheza mpira wa miguu. Leo kwetu, safari nyingine kwenu, mpaka zote zimepokea na zote zimepokewa. Shule iliyomo ilipewa mpira wa ngozi uliotoka Ulaya na vitambaa vyekundu vya kufunga kifuani. Wachezaji wake walilala ugenini, walikula nyama, walijulikana. Na padre mwenyewe alikuja kutazama, na wale aliowaona ni wepesi wa miguu na wa akili, baadhi yao aliwapeleka chuo cha ualimu pwani. Basi mtu akitaka mwanawe aonekane, alimpeleka shule iliyomo katika mzunguko. Shule isiyokuwamo ilibaki na watoto wa jirani, walemavu, na wale ambao wajomba zao hawakujali.

Nasema wajomba kwa sababu kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mwisho juu yake hulisema kaka wa mama. Nilipokwenda kuomba mtoto nilimwamkia baba yake kwa heshima zote, kisha nikamtafuta mjomba.

Sisi hatukuwamo katika mzunguko kwa ajili ya maji. Anayeijua nchi yetu hahitaji kuelezwa, lakini wajukuu wamezaliwa na bomba. Uwanda wetu una udongo mzuri na hewa nzuri, ila hauna mto wala kisima. Maji yako chini ya genge, pale uwanda unapokatika ghafla kuelekea bondeni. Wanawake waliamka jogoo la kwanza, wakashuka kwa njia ya mawe na mizizi mpaka kwenye chemchemi, wakapanda tena na mitungi kichwani, na walipofika nyumbani jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Mtungi mmoja wa nyumba nzima. Watu wa bondeni walitutania kwa hilo. Walisema sisi twaoga umande. Na sheria ya mzunguko ilikuwa kwamba asiyeweza kupokea hapokewi. Kikosi cha vijana waliotembea juani tangu Masasi kinataka kunywa na kunawa. Nani angewapa?

Palikuwa na kijana mmoja katika kijiji cha jirani. Alikuwa ametoka jandoni mwaka uliotangulia, mrefu, mkimya, na miguu yake ilikuwa kama imefundishwa na malaika. Vijana wa kule waligema utomvu wa mpira wa porini kwa ajili ya Wahindi wa Lindi, na vipande walivyoiba kwa wajomba zao walivizungushia majani wakapata tufe gumu la kuchezea. Kijana huyo alilipiga tufe hilo kwa kisigino, likapanda, likashuka begani mwake likatulia. Nilimtazama nikasahau nilichotumwa.

Nilikwenda kwa mjomba wake. Alikuwa mtu mnene kidogo, mcheshi, mwenye mashamba ya mtama na neno zito kijijini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu wa umande. Umekuja kumtaka kijana."

"Nimekuja kumwomba."

"Kuomba ni kutaka kwa mtu aliyevaa kanzu," alisema, na waliokuwapo wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha akasema bila mchezo: "Mwalimu wa bondeni alikuja hapa kabla ya mvua. Naye kamtaka. Mimi sina ugomvi na ninyi, ninyi ni wa karibu, dada yangu angependa kijana alale nyumbani. Basi nitawakopesha. Akae kwenu mpaka mavuno. Mkiingia mzungukoni, kijana wenu. Msipoingia, ataishuka njia ya bondeni na sitaki kuona mtu analia."

Kijana alikuja, na alipokuja yeye wakaja na wenzake, karibu vijana wote wa kijiji kile. Kwa mara ya kwanza shemasi alipogonga chuma cha kuitia watu palitokea vumbi njiani. Lakini wote tulijua kwamba vumbi lile lilikuwa la mtu mmoja. Akiondoka yeye, wataondoka. Na padre alikuwa amekwisha kumwambia shemasi kwa upole kwamba shule isiyo na watoto mwaka ule ingefungwa.

Nilishuka Masasi kuonana na mwalimu wa bondeni. Ndiye aliyeshika mambo ya mzunguko. Tulikuwa tumesoma pamoja, yeye akiwa mbele yangu, na alinipenda kama mtu anavyompenda ndugu mdogo asiye na bahati. Shule yake ilikuwa na mapaa ya nyasi mpya na mto nyuma yake. Alinikalisha barazani, akaniletea maji ya kunywa, na yaliyobaki katika kata ya kuchotea akayamwaga uani bila kutazama. Niliyafuata maji yale kwa macho mpaka yalipozama.

"Ndugu yangu, nimesikia mnaye yule kijana," alisema.

"Tunaye."

"Mnataka kuingia."

"Tunataka."

"Na maji?"

"Maji yapo," nilisema.

Hapo ndipo ningalimwambia. Kwetu kuna desturi ambayo mtoto huijua kabla hajaota meno: mgeni hapimiwi maji. Anapofika, mtungi mzima unawekwa mbele yake na kata juu yake, na mwenyeji anageuza uso asionekane kuhesabu. Lakini desturi hiyo ina nusu ya pili, na nusu hiyo ni ya mgeni. Yeye huchota kata moja, hunywa, hulowesha vidole vyake na kufuta uso, kisha huusukuma mtungi kwa mikono miwili urudi kwa mwenyeji. Hivyo mwenyeji anakuwa amempa yote na mgeni anakuwa amerudisha yote, na wote wana heshima. Mtu wa bondeni anaijua nusu ya kwanza tu, kwa sababu kwao maji hayana nusu. Nilikuwa na maneno mdomoni. Lakini kueleza nusu ya pili kwa mwenye mto ni kama kumwalika mtu karamu ukamwonya asile. Niliona haya, nikanyamaza, nikamshukuru.

"Basi tutakuja kwenu baada ya mavuno," alisema. "Mkitupokea vema, mumo."

Aliyewaongoza wanawake katika njia ya maji alikuwa mama yake yule kijana. Hakuchaguliwa na mtu. Alikuwa tu wa kwanza kuamka. Alivaa ndonya mdomoni kama wanawake wa rika lake, na alizungumza polepole, kila neno limekamilika. Shemasi alinituma kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Leo umewahi, ming'oko bado imo ardhini."

Nilimweleza habari ya wageni.

"Ni wengi?"

"Ni wengi, mama."

"Wengi wa kunywa, au wengi wa kuoga?"

"Wa kunywa, na kunawa uso na miguu."

"Watu wa bondeni hawajui kunawa," alisema. "Wanajua kuoga tu."

"Mama, mgeni—"

"Hapimiwi maji. Mama yangu aliniambia kabla wewe hujazaliwa. Ndiyo maana nawaogopa wageni." Alifikiri kidogo, akauliza: "Wakipokewa vema, mwanangu atabaki hapa?"

"Atabaki. Mjomba wake amesema."

"Basi wewe fagia uwanja. Maji niachie mimi."

Walibeba tangu siku kadhaa kabla. Wanawake wa vijiji viwili walishuka na kupanda, wakarudi, wakashuka tena mchana ambapo hakuna mtu anayeshuka. Walihifadhi maji katika mitungi ya pombe, katika vibuyu, katika chungu cha kupikia cha shemasi. Nyumbani kwao walipika kidogo, na watoto walitafuna ming'oko mibichi kwa ajili ya unyevu wake. Asubuhi ya mchezo mitungi ilikuwa imepangwa kwa mstari chini ya upenu wa kanisa, imefunikwa majani, na ilipendeza kama madhabahu ya Pasaka. Niliipitia nikiwa na furaha, nikamshukuru Mungu, na sasa nikikumbuka furaha ile uso wangu hupata joto.

Wageni walitoka kwenye njia ya genge wakiimba, vitambaa vyekundu vifuani, wamejaa vumbi jekundu mpaka kope. Mwalimu wao alikuwa mbele kwa kanzu nyeupe iliyokuwa nyeupe Masasi. Tuliwakaribisha. Mama yule na wenzake waliiweka mitungi mbele yao, kata juu, wakageuza nyuso.

Walikunywa. Kisha mmoja alijimwagia kata nzima kichwani, akapiga kelele kwa raha. Mwingine akamfuata. Wakavua vitambaa wakavisuuza. Wakamwagiana migongoni. Kijana mmoja aliinua mtungi mdogo kwa mikono miwili na kuumwaga wote juu ya miguu ya mwenzake, akisema:

"Jamani, tulidanganywa. Wana maji hawa! Nani kasema wanaoga umande?"

"Labda huu ndio umande," alijibu mwenzake, wakacheka wote.

Hawakuwa vijana wabaya. Walikuwa wakitusifu. Maji yalishuka kwenye uwanja niliofagia, yakafanya kijito, na watoto wadogo wa kijiji wakaja kukitazama. Hawakuwa wameona maji yakitembea uani. Msichana mdogo alichuchumaa akatia kidole, akakilamba. Nilimtazama yule mama. Alikuwa bado amegeuza uso, kama desturi inavyotaka, lakini wanawake wengine nyuma yake walikuwa wamegeuka kutazama, na mmoja wao, aliyekuwa na mimba, aliketi chini polepole kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

Shemasi aliniita kwa jicho. "Waambie waongeze."

"Baba, hakuna ya kuongeza."

"Majumbani."

Nilikwenda. Sikumwambia mama yule kwa maneno. Nilisimama tu mbele yake, mikono nyuma, naye aliona. Aliondoka na wenzake, wakarudi na mitungi ya nyumba zao, ile ya jioni, ile ambayo mwanamke hamwazimi hata dada yake. Waliiweka mbele ya wageni. Wakageuza nyuso.

Mchezo ulikuwa mzuri, watu wanasema. Mimi niliuona kwa vipande. Vijana wetu walicheza midomo imekauka, kwa maana hakuna aliyewaambia wasinywe lakini hakuna aliyekunywa. Yule kijana alifanya mambo ambayo watu wa Newala waliyasimulia kwa muda mrefu. Kuna mara moja aliupokea mpira kwa kifua, akauacha ushuke, na watu wawili wa bondeni wakapita kila mmoja upande wake kama mlango umefunguka. Padre, aliyekuja kutazama kama kawaida yake, aliinuka kitini. Mwalimu wa bondeni hakusimama. Aliweka tu mkono kidevuni, akatazama kama mtu anayetazama shamba la mwenzake.

Tulishinda. Wageni wakataka maji tena, na palikuwa na mtungi mmoja, wa mama yule, nao ukaisha.

Kisha mwalimu wa bondeni alisimama mbele ya watu wote, nywele zake zingali na unyevu, akasema: "Nimepokewa shule nyingi. Sijapata kupokewa hivi. Ninyi mumo." Wanawake walipiga vigelegele. Vilikuwa vikavu, nilisikia jinsi vilivyokuwa vikavu, lakini walivipiga. Na vigelegele vilipokuwa vinaendelea nilimwona mwalimu wa bondeni amemshika mkono mjomba, wanatembea polepole kando ya uwanja, vichwa vimeinama.

Sheria ya mzunguko iliruhusu. Shule iliyomo iliweza kuomba kijana kutoka shule nyingine iliyomo, wakubwa wake wakikubali, ili walio hodari wawe karibu na padre. Shemasi alijua sheria hiyo. Nami nilikuwa nimeisikia. Tulipokuwa nje tulidhani mzunguko ni nyumba yenye mlango wa kuingilia, hatukufikiri kwamba wenye nyumba nao wanaweza kuutumia mlango huo kuja kuchukua.

Mjomba alikuja mwenyewe kutuambia, nami nilimheshimu kwa hilo.

"Mwalimu, nilisema mkiingia mzungukoni kijana wenu. Sijasahau. Lakini wakati ule hakuna aliyekuwa amemwona. Sasa ameonwa. Padre amemtaja kwa jina. Kule kuna mto, kuna chakula cha shule, kuna njia ya pwani. Wewe ungekuwa mimi?"

Ningekuwa yeye, ningefanya vilevile.

"Na shule yenu haitafungwa," aliongeza, kama mtu anayempa mtoto ndizi. "Subiri uone."

Kijana alishuka bondeni, nasi tukasubiri. Mjomba alisema kweli. Habari kwamba tumo katika mzunguko zilipita uwandani haraka kuliko moto wa nyasi. Vijiji ambavyo vilinipa ming'oko na kimya sasa vilileta watoto bila kuombwa. Wajomba walikuja wakiwa wamewashika mikono. Chumba kilijaa, tukafundishia chini ya upenu, palepale ilipopangwa mitungi. Shemasi alimshukuru Mungu katika sala ya asubuhi na ya jioni. Na kila siku, tulipokuwa katikati ya masomo, mama yule alipita njiani na mtungi wake akitoka genge, na watoto wote wakamwamkia kwa sauti moja, "Shikamoo, mama," naye akajibu, "Marahaba, wanangu," bila kugeuka kwa sababu ya mzigo. Mimi niligeukia ubao. Niliandika kitu chochote.

Hatimaye nilikwenda kwake. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, maneno ya kanisani. Alikuwa akipepeta mtama.

"Mama, nilikuambia atabaki."

"Ulisema."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Nimekuwa nikifikiri," alisema, akipepeta. "Kama nisingebeba maji, wasingekuja. Kama wasingekuja, wasingemwona. Maji yale niliyabeba mimi. Nilimbeba mwanangu mwenyewe kichwani nikampeleka bondeni." Hakuwa na hasira. Alikuwa akieleza jambo kama lilivyo. "Wewe mwalimu ulikuwa na kazi yako. Sasa mna watoto wengi. Ni vizuri."

Lile neno lake, ni vizuri, nililibeba nikaenda nalo nyumbani.

Alfajiri nilichukua mitungi miwili midogo ya shemasi, nikaifunga kwenye mzega, ule mti wa kubebea mzigo begani, nikawafuata wanawake. Waliposikia hatua za mwanamume nyuma yao walisimama.

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

"Mwalimu! Umefiwa na mke kabla hujaoa?"

"Labda ametumwa na wageni," alisema mwingine. "Wamesahau kuosha punda wao."

Walicheka njia nzima. Niliteleza kwenye mizizi, wakacheka. Wakati wa kupanda mzega ulinikata bega, maji yakaruka, nikafika juu na nusu. Mama yule hakucheka wala hakuniambia nirudi. Niliyamimina katika mtungi wake, naye akaniacha nimimine. Mzega nikauegemeza ukutani kwake. Kesho yake nilishuka tena, na siku zilizofuata, mpaka wakachoka kunicheka wakaanza kunisimulia habari za waume zao.

Ndipo vita vya Maji Maji vilipofika pande zetu. Habari zilikuja kwanza kama uvumi, kwamba kuna watu waliopewa maji ya dawa ambayo risasi haziwezi kuyapita, kisha kama moshi. Kutoka ukingo wa genge tuliuona moshi upande wa Masasi, mwembamba, sehemu nyingi. Wanawake walisimama na mitungi yao mitupu wakautazama. Mama yule aliutazama kuliko wote. Alishuka, akateka, akapanda, kama kila siku, na alipofika juu hakuyatumia yale maji. Aliyaweka barazani, akayafunika. Alifanya hivyo na kesho yake.

Walitokea saa za alasiri kwenye njia ileile ya genge, bila wimbo. Mwalimu wa bondeni, wanafunzi wake, wanawake wachache na watoto wao. Shule yao ilikuwa imeungua. Walikuwa wametembea porini, wakiogopa njia kubwa. Kanzu yake ilikuwa imechanika, na miguu yake ilikuwa imevimba. Nyuma kabisa, amebeba mtoto wa mtu begani, alikuwa yule kijana. Mama yake alimwona. Alimwitikia kwa kichwa mara moja tu, kisha akaenda kufanya linalotangulia. Aliuleta mtungi, akauweka mbele ya mwalimu wa bondeni, kata juu, akageuza uso.

Nilisimama karibu. Nilijua maji yaliyomo, nilijua ni nani aliyeyabeba na alimwekea nani. Mwalimu wa bondeni alichota kata moja. Alikunywa polepole. Alilowesha vidole vyake akafuta macho. Kisha aliushika mtungi kwa mikono miwili, akausukuma urudi kwa mama yule. Kila mmoja wa vijana wake akafanya vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, wale wale waliomwagiana migongoni, na hakuna tone lililoanguka chini.

Mama yule aligeuka akatazama.

"Nani kawafundisha?" aliuliza.

Mwalimu wa bondeni alimwonyesha kijana kwa kidevu. "Alituambia siku alipofika kwetu. Alitukalisha wote akatueleza maana ya kile tulichokifanya hapa. Mimi mkubwa wake nilikaa nikasikiliza." Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya kulaumu. "Ndugu yangu, mbona wewe hukuniambia? Ningewaambia tu, vijana, kaeni na vumbi lenu mpaka mtoni kwetu. Wangenisikia."

"Niliona haya," nilisema.

Nadhani alinielewa, maana naye alikuwa anaangalia miguu yake.

Kijana alikunywa wa mwisho, baada ya wageni, kama mtoto wa nyumbani anavyopaswa. Mama yake alimshikia kata yeye mwenyewe.

Alibaki kwetu. Bondeni hakukuwa na shule ya kurudia kwa muda, na mzunguko haukufufuka. Mpira wa ngozi uliungua na mengine yote, na baada ya vita ilikuja njaa, na hakuna mtu aliyeuliza tena nani yumo na nani hayumo. Alisoma chini ya upenu pamoja na wadogo, hodari kuliko wote, na jioni aliwafundisha kucheza kwa tufe la utomvu. Shemasi alitoa sala ya shukrani kwa ajili yake. Aliposema amina nilisema amina kwa moyo wote. Nilikuwa nimempata yule niliyemtafuta. Kisha nikakumbuka ule moshi niliouona kutoka ukingo wa genge, na waliokufa chini yake, na kwamba hicho ndicho kilichomrudisha, wala si neno langu. Nilikuwa nimeshukuru kwa sauti, mbele ya mwalimu wa bondeni aliyepiga magoti karibu nami.

Asubuhi nilipofika kwa mama yule kuchukua mzega, haukuwapo ukutani. Kijana alikuwa amekwisha kushuka nao.